Waliokuja Kuzika Wakabeba Kitanda

Isevya,
Tabora.
18 Novemba 2023

Mpendwa mpwa wangu Najiat,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako ya Jumapili niliisikia katikati ya kilio, sikupata nafasi ya kuiitikia, basi naiitikia leo: marahaba, mwanangu, marahaba sana. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Masasi, wewe na mumeo Shukrani na mjukuu wangu Nasri. Kile kifua cha Nasri kimepona? Korosho zimeangukaje mwaka huu? Na shuleni wamekuongezea darasa jingine, au safari hii wamekuhurumia? Usinijibu "tunaendelea vizuri" kama unavyonijibu kwenye simu. Nataka kujua kweli.

Sisi huku wazima. Narudia, maana najua ndilo neno unalolitafuta kabla ya yote: sisi sote wazima, na mama yako ni mzima. Leo asubuhi amekunywa uji bakuli mbili na kunigombeza mara tatu. Ninapoandika yuko hapa uani kwangu, anamfundisha mke wangu Hafsa namna ya kuchambua mchele. Hafsa anachambua mchele tangu mwaka themanini na mbili.

Tuliongea kwa simu, ndiyo. Lakini simu yenyewe ilikuwa dakika nne, wewe unalia, mama yako anapiga kelele kana kwamba Masasi ni ng'ambo ya mto, kisha mtandao ukakata. Jana umeniletea ujumbe: "Mjomba niambie ukweli, mnanificha nini?" Hatukufichi kitu, Najiat. Ila jambo lenyewe ni refu, haliingii kwenye simu. Kaa chini usome taratibu. Kuna mahali utacheka, na kuna mahali utanikasirikia.

Nianze na upepo. Joto la mwaka huu lilikuwa la kukaanga watu. Wiki mbili mawingu yanakuja na kurudi, yanatutania tu. Jumanne ile ya tarehe saba, tulipotoka kuswali alasiri, mbingu upande wa Urambo ilikuwa imegeuka rangi ya shaba, na mbwa wote wamenyamaza. Hatukuwahi hata kuanua nguo. Upepo ulitangulia, mvua ya mawe ikafuata, na baada ya nusu saa vyote vikaisha, jua likatoka kama vile halikuona kitu. Mimi nusu saa hiyo niliimalizia chini ya meza ya cherehani ya Hafsa, mzee wa miaka sitini na minane, nikisoma kila aya ninayoijua na nyingine nikizirudia.

Ile miembe mikongwe ya njia ya misafara, mitano imelala chini. Iliyobaki imepukutisha embe zote zikiwa mbichi. Hivi sasa mtaa mzima unakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na mtaa mzima unaumwa tumbo. Hakuna aliyekufa hapa kwetu, alhamdulillahi, isipokuwa mbuzi mmoja, na mama yako, ambaye alikufa Jumapili kwa muda wa saa moja na nusu. Hilo linakuja.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wetu wa mtaa, Masolwa, alinijia na kaunta buku jipya mkononi. Akaniambia, "Fundi Awadhi, nyumba nusu ya mtaa huu umezijenga wewe. Nani atajua kukuzidi ipi inakalika na ipi haikaliki? Zunguka, andika kila uharibifu, niupeleke kata." Niliona ni heshima. Nikavaa kofia yangu nzuri, nikachukua timazi na futi kamba, nikatoka. Sikujua kwamba ninakwenda kukagua makosa yangu mwenyewe.

Maana upepo, mwanangu, hauogopi jina la fundi. Kwa muuza mkaa pale kona, paa lote limeondoka. Nilipofika alinipokea vizuri tu, akaniwekea kigoda, akasema, "Fundi, bati zako zimekwenda kumsalimia jirani." Nikapanda ngazi kuangalia kenchi, zile mbao zinazoshika bati. Misumari ilikuwa michache, na mimi ndiye niliyeigonga. Mwaka ule alinunua pungufu, nami nikaona aibu kumwambia aongeze, nikaruka baadhi ya mistari. Nilishuka nikamwambia ukweli huo, mbele ya mkewe. Akanimiminia chai, nami nikainywa kwa shida.

Watu tuna vituko. Bwana mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha choo kilichoanguka. Nikamwambia, bwana, choo hiki kilianguka wakati wa corona, mimi mwenyewe nilikuja kukitazama. Akasema, "Kweli, lakini upepo umekipitia tena." Mjane mmoja yeye alifanya kinyume: alitundika jamvi ukutani kuziba tundu ili nisilione, kwa kuwa hakutaka jina lake lisomwe mbele za watu kwenye orodha ya wahitaji. Nikamsifia jamvi lake, nikaaga, nikamwandika nilipofika njiani.

Nyumba ya mama yako niliiacha ya mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu iko karibu na kwangu. Uongo. Niliiogopa.

Ukiitazama toka barabarani utasema imepona. Mabati yote yapo, mlango unafunga, hata maua yake ya kwenye kopo yamesimama. Balaa liko chumba cha nyuma, kile anacholala. Ufa umetoka kwenye paa, umeshuka kwenye kona, umefika chini, na mkono wangu unaingia mpaka kwenye kifundo. Nikatundika timazi juu ya ukuta. Chini, uzi wake ulisimama mbali na ukuta vidole vinne. Ukuta umeinama, Najiat, na umeinamia kitanda.

Chumba hicho nilikijenga mimi mwaka themanini na sita, dada akiwa na mimba yako. Saruji haikuwa ikipatikana, nikajenga kwa tofali mbichi na udongo, na ile kidogo tuliyobahatisha nikaipiga lipu kwa nje ili kipendeze. Kona sikuifunga na ukuta wa zamani, tofali hazikuumana. Nilijua kuwa sikuifunga. Nikasema saruji ikipatikana nitarudi. Saruji ilipatikana, ikajaa madukani, mimi nikajenga nyumba za watu wengine miaka thelathini na saba, na kona ya dada yangu sikuirudia. Kila mwaka nilisema mwakani.

Ili nisije nikasema la kuogopesha bure, nilifanya kama alivyonifundisha fundi wangu wa kwanza. Nilikoroga uji wa unga wa ngano, nikabandika vipande vya karatasi vya daftari juu ya ufa, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini. Ilikuwa Ijumaa jioni. Ukuta ukitulia, karatasi zinabaki nzima. Jumamosi asubuhi zote tatu zilikuwa zimechanika. Nikabandika nyingine, na hazikufika adhuhuri.

Nikamwambia dada, toka leo. Akakataa. Unamjua. Akasema, "Wewe si ndiye uliyeujenga? Uliniambia utadumu kuliko mimi. Basi tushindane." Nikamletea Masolwa na kaunta buku lake, akapewa chai na kashata, akarudi anasema bibi ni mkarimu sana. Majirani wakaja kumwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na walipomaliza kumwambia yeye wakanigeukia mimi, kana kwamba mimi fundi sijawahi kuisikia. Na redioni kila saa wanatangaza mvua za El Nino. Nilikuwa siwezi kula.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini aligoma. Jumamosi hiyo hiyo, wote walipoondoka, nilimuuliza hivyo hivyo, kwa upole, kama nilivyokuwa nikimwomba vitu utotoni. Akanijibu bila kunitazama. Akasema, "Nikihamia kwako, Najiat akija atanikuta mgeni. Atanisalimia nimekaa kwenye kiti cha watu. Mimi nataka anikute kwangu, nimpikie kwenye jiko langu, alale kwenye chumba alichozaliwa."

Hukuwahi kuambiwa haya, nami nayasema bila ruhusa. Kila mwaka ikifika Desemba, mama yako anapaka chumba kile chokaa. Anafua neti. Ananunua jogoo, anamfunga uani, anamlisha pumba mpaka anashindwa kutembea. Wewe unapiga simu kwamba korosho hazijauzwa, au nauli imepanda, au mitihani ya kusahihisha ni mingi, na kwamba mwakani inshallah. Anasema, "Hapana neno, mwanangu, kazi kwanza." Ikifika Februari jogoo anachinjwa. Sita hao tangu baba yako afariki, Najiat. Wa mwaka jana nilimla mimi, na nilimla kwa raha, kwa kuwa sikuwa nimefikiri.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Unamkumbuka Mzee Majidi, yule Mzaramo mstaafu wa reli, jirani wa nyuma. Unajua vizuri yeye ni nani kwetu. Tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, wakiomba maji na kuibiana kuku, Mzaramo kwa Mnyamwezi hana adabu na wala hadaiwi adabu. Mtani ni mtani. Tulipomzika baba yako, ndiye aliyeingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na wewe ulikasirika, kisha ukacheka na machozi yako usoni. Nikawaza: mimi ni mdogo wake, siwezi kumwambia dada mkubwa neno zito. Mwenyekiti ameshindwa. Aliyebaki ni mtani.

Nikamwendea nikamweleza yote, hadi habari ya karatasi zilizochanika. Alisikiliza akivuta kiko chake, kisha akauliza, "Unaniruhusu lolote?" Nikamwambia lolote. Hapo ndipo nilipokosea, kwa maana sikumwonya mtu mwingine yeyote.

Jumapili saa tisa alasiri akaja. Amejifunga kanga ya mkewe kichwani, begani jembe, kwapani jamvi kuukuu na shuka jeupe. Akatandika jamvi katikati ya uwanja wa mama yako, akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia hata kwenye misiba ya kweli, anamlilia mama yako kwa jina. "Mwanajuma wee! Mwanajuma mbishi wee! Umetuacha wee!" Kisha akashika jembe, akaanza kuchimba hapo hapo. "Nachimba karibu," anasema, "makaburini ni mbali, mgongo unaniuma, na huyu Mnyamwezi ni mzito. Ukuta utamfukia wenyewe, mimi nitasawazisha tu." Akasimama, mkono kiunoni, akaigiza sauti ya mama yako sawasawa: "Sitoki! Mimi sitoki! Ukuta huu kanijengea Awadhi!" Akageuka kwangu. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, jamani. Fundi, yaandike kwenye buku lako."

Mama yako alitoka na mwiko mkononi. Alikuwa anacheka na amekasirika, vyote pamoja, na alikuwa tayari kumpiga. Lakini Majidi hakukimbia. Alisimama na jembe lake, na sauti ikambadilika. Akamwambia, "Najiat akija tumwambie nini, Mwanajuma? Tumwonyeshe kifusi, tumwambie mama yako alikuwa anakusubiri hapa chini?"

Mwiko ulishuka. Dada aliketi kwenye lile jamvi, akavuta kanga usoni, akalia. Majidi akaketi ubavuni pake, naye akalia, na safari hii hakuwa akiigiza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni sijui niende wapi. Sijamwona dada yangu akilia hivyo tangu tumzike baba yako, na ni mimi niliyemleta mtu wa kumliza.

Sasa, ng'ambo ya uzio kuna mpangaji mpya anaitwa Leonia, mama mzuri, ametokea Kaliua, hana hata mwezi hapa. Habari ya ufa alikuwa nayo, kama mtaa mzima. Habari ya Majidi na utani wetu hakuwa nayo. Anasikia "Mwanajuma wee umetuacha." Anachungulia, anaona mzee ana jembe na shuka jeupe. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Alikimbia peku mpaka kwenye kibanda cha Hafsa sokoni, akamwambia, "Mama, jikaze. Wifi yako ukuta umemwangukia."

Hafsa alipiga yowe, akakupigia wewe simu kabla hata hajafunga cherehani. Usimlaumu. Tangu siku ile hataki kushika simu ikiwa ni wewe, anaona haya kama bibi harusi. Alidhani anafanya wema, mtoto asikie toka nyumbani asije akasikia njiani.

Unajua msiba unavyotembea hapa kwetu. Haikupita nusu saa, wakaanza kuingia. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, vijana na mabenchi na turubai, masufuria makubwa ya kikundi cha kuzikana yamekuja kwa mkokoteni na kuni zake, Masolwa amevaa kanzu, na mtu wa msikitini anauliza maziko ni leo au kesho. Wanaingia uwanjani wakilia, na marehemu yuko kwenye jamvi anakunywa maji. Bibi mmoja alirudi nje mbio, akaacha kiatu kimoja ndani. Majidi akajaribu kulificha jembe nyuma ya mgongo. Watu wote, Najiat, watu wasiopungua themanini, wakanitazama mimi.

Ndipo mama yako aliposimama. Akajifunga kanga vizuri, akawatazama toka huyu hadi yule, akauliza, "Mmekuja kunizika?" Masolwa akakohoa, akasema, "Tumekuja kukusindikiza, mama." Dada akasema, "Haya. Mtu akishaliliwa halali tena kwenye nyumba hiyo, na watu wa msiba hawarudishwi mikono mitupu. Ingieni. Anzeni na kitanda. Na huyu Mzaramo mpeni sanduku langu, alibebe kichwani. Babu zetu walibeba vya kutosha, sasa ni zamu yao."

Laiti ungeona. Vijana waliinua kitanda mabegani, wanane, kwa kuwa walikuwa wamekuja wamejiandaa kubeba jeneza. Wanawake wakachukua vyombo, neti, magunia, maua ya kwenye kopo. Majidi na sanduku kichwani, anaomboleza kwa sauti kwamba Wanyamwezi wamemfanya mpagazi uzeeni. Wakashika njia kuja kwangu. Njiani watu walisimama, wenye bodaboda wakazima pikipiki kwa heshima, wakavua kofia. Kisha wakamwona marehemu anatembea nyuma ya kitanda chake, ameshika kikapu, anawauliza habari za nyumbani. Mmoja aliitikia kwa adabu kabisa, "Nzuri, bibi, pole na msiba."

Masufuria yalikuwa yameshainjikwa, maharage yameshaanza kuchemka, hayakuwezekana kurudishwa. Wakala wali kwangu mpaka magharibi. Leonia alikuwa amejifungia chumbani kwake kwa aibu. Mama yako alimfuata mwenyewe, akamtoa kwa mkono, akamketisha karibu yake na kumpa sahani ya kwanza. Tangu siku hiyo Leonia hapiti mtaani bila kuulizwa leo kafa nani, naye ameanza kujibu.

Ukuta haujaanguka. Hilo ndilo linalonitia adabu kila siku. Nimeuegemeza miti mitatu, na mama yako akipita asubuhi kwenda kumwagilia mchicha wake anauangalia, kisha ananiangalia mimi na kucheka. Nimemwambia dada, nicheke tu, bora kunicheka kuliko kufukiwa. Jumatatu nitauvunja kwa mkono wangu. Tofali za kuchoma zimeshafika, saruji ipo, vijana wawili wa kunisaidia wapo, na kona nitaifunga. Nikijaliwa afya chumba kitakuwa kimeezekwa kabla shule hazijafungwa, na mama yako atarudi kwake.

Sasa jambo langu, na hapa ndipo utanikasirikia.

Jioni ile nilipokupigia kukwambia kuwa mama yu hai, niliweka simu sauti kubwa ili wote wakusikie. Ulisema umeshapata ruhusa kwa mkuu wa shule, umeipata papo hapo. Shukrani ameshakata tiketi ya basi la alfajiri. Begi umeshafunga. Ukamsikia mama yako, ukalia, ukamshukuru Mungu. Kisha, mwanangu, ukasema, "Basi mama, sasa nitakuja mwakani, inshallah." Naye akakujibu, "Hapana neno, kazi kwanza," na mtandao ukakata.

Alikaa na simu mapajani. Akaniuliza, "Alikuwa anakuja?" Nikasema, alikuwa anakuja. "Lini?" Kesho alfajiri. Akakunja pindo la kanga, akalikunjua, akasema, "Kumbe ningejikaza kufa siku mbili hivi." Watu wote walicheka. Mimi pia nilicheka na wenzangu, kisha nikatoka nje, kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa mbele yake.

Sikulaumu, Najiat. Mwenye kusema mwakani kuliko wote katika ukoo huu ni mimi, na umeshasoma habari ya kona yangu. Najua mshahara wa mwalimu, najua umbali wa Masasi, najua korosho haziwezi kuachwa chini. Wala hutufanyii ubaya wowote. Simu unapiga, sukari ya Ramadhani unatuma. Lakini mara ya mwisho ulikuja hapa kumzika baba yako, na mara hii ulikuwa umefunga begi kuja kumzika mama. Ana miaka sabini na mitatu. Mimi nampenda dada yangu, na nimechoka kumwona akipaka chokaa.

Mama yako hajui kama nimekuandikia haya. Akijua atasema nimekusumbua, na atanigombeza mara ya nne.

Msalimie sana Shukrani, mwambie mjomba hamwombi korosho ziachwe, anaomba siku kumi tu baada ya mavuno. Mbusu Nasri, mwambie bibi yake anajua hadithi ambazo mimi nimezisahau. Hafsa anakusalimu kutoka mbali, kama nilivyoeleza. Mzee Majidi anakusalimu, anasema shingo bado inamuuma na gharama za matibabu ziko juu yetu. Masolwa na Leonia wanakusalimu pia. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awaepushe na upepo, na atukutanishe tukiwa wote tunapumua.

Begi ulilolifunga Jumapili, kama bado hujalifungua, toa tu zile nguo za msiba, weka za kawaida, ulifunge tena.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukungoja,

Awadhi